MJADALA: Mwaka 1446 KK umetoka kwenye Biblia, au kwenye vibao vya Ashuru?

MLETA MADA

Wapendwa, naleta hili kwa sababu limeanza kutugawa. Wapo ndugu wanaofundisha kwamba Waisraeli walitoka Misri mwaka 1446 KK, na kwamba anayesema walitoka karne ya 13 KK, enzi za Ramesesi wa Pili, ameshaiacha Biblia na kuwafuata wachimbaji wa magofu. Wengine wanataka mtu wa namna hiyo asipewe darasa kanisani. Nauliza: hiyo 1446 imeandikwa wapi?

Mtanipeleka 1 Wafalme 6:1. Sulemani alianza kuijenga nyumba ya Bwana mwaka wa nne wa kutawala kwake, nao ulikuwa mwaka wa 480 tangu Israeli watoke Misri. Ujenzi ulianza 966 KK. Jumlisha 480, unapata 1446. Sawa. Lakini 480 imo katika mstari, 966 haimo. Hakuna mwaka wa KK popote katika Biblia. Inahesabu kwa miaka ya wafalme, huyu alianza mwaka wa ngapi wa yule, basi. Ili mnyororo huo ufungwe kwenye kalenda yetu, lazima pete yake mojawapo ijulikane mwaka wake kwa njia nyingine.

Pete hiyo tumeipata Ashuru. Waashuru waliupa kila mwaka jina la ofisa mmoja, na orodha za majina hayo zimesalia kwenye vibao vya udongo. Katika mwaka wa Bur-Sagale orodha inataja kupatwa kwa jua, mwezi wa Simanu. Wanafalaki wamekokotoa: ni tarehe 15 Juni 763 KK. Ukihesabu majina kurudi nyuma unafika mwaka wa 6 wa Shalmanesa wa Tatu, mfalme wa Ashuru, yaani 853 KK, alipopigana huko Qarqar na muungano wa wafalme, na Ahabu wa Israeli anatajwa kati yao kwa jina. Mwaka wa 18 wa mfalme huyohuyo, 841 KK, anapokea kodi ya Yehu. Kati ya Ahabu na Yehu Biblia inatupa Ahazia miaka 2 na Yoramu 12. Jumla 14, ila kwa desturi ya kuhesabu kipande cha mwaka kama mwaka, muda wenyewe ni miaka 12. Ahabu basi alikufa 853, Yehu akaanza 841, na hakuna nafasi ya kuteleza hata mwaka mmoja. Kutokea hapo Edwin Thiele, msomi Msabato, alirudi nyuma mfalme kwa mfalme hadi ufalme ulipogawanyika, 931 au 930 KK. Ongeza miaka 40 ya Sulemani, mwaka wake wa nne unaangukia 967 au 966.

Kama bado mna shaka, mtazameni Askofu Mkuu James Ussher, yule aliyechapisha mwaka 1650 kwamba ulimwengu uliumbwa 4004 KK. Naye aliusoma 1 Wafalme 6:1, akaichukua 480 kama ilivyo, na akaiweka safari ya kutoka Misri mwaka 1491 KK. Mstari uleule, namba ileile, tofauti ya miaka 45. Imani haikumpungukia. Vibao vya Ashuru ndivyo ambavyo havikuwa vimefukuliwa.

Kwa hiyo anayesema "mimi naamini 1446 kwa Biblia peke yake" anazungumza kitu kisichowezekana. Nangoja kupingwa.

MWALIMU WA SHULE YA JUMAPILI

Mtumishi, umeanza vizuri, ukaishia kunitegea. Hakuna anayebisha kwamba 966 inatoka nje. Inayotoka ndani ni 480, na nyie wa karne ya 13 ndio mnaotakiwa kuipunguza. Mkiweka safari mwaka 1260 mnabaki na miaka 294 mpaka hekalu. Hizo 186 nyingine mmezipeleka wapi?

Jibu lenu nalijua: 480 ni 12 mara 40, yaani vizazi kumi na viwili, na kwa kuwa kizazi halisi ni kama miaka 25, ikatae 480, andika 300. Lakini mstari hausemi vizazi. Unasema mwaka wa 480, mwaka wa nne wa Sulemani, mwezi wa Zivu, ambao ni mwezi wa pili. Mtu anayekutajia mpaka mwezi anakupa tarehe. Fumbo halina mwezi.

Halafu Yefta, mwamuzi wa Israeli. Waamuzi 11:26 anamwambia mfalme wa Amoni kwamba Israeli wamekaa Heshboni na vijiji vyake miaka 300. Yefta aliishi kama 1100 KK. Ukirudi 300 unatua 1400, palepale panapotakiwa kwa safari ya 1446 na miaka 40 ya jangwani. Kwa hesabu yenu Yefta alikuwa na miaka mia na kidogo tu ya kudai. Balozi wa Amoni angemcheka.

Na hilo jina la mji ambalo ndilo ngao yenu, Kutoka 1:11, Pithomu na Ramesesi, miji ambayo Waisraeli walimjengea Farao: soma sura kwa utaratibu wake. Miji inajengwa kwanza, ndipo amri ya kuwaua watoto wa kiume, ndipo Musa anazaliwa. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao (Kutoka 7:7). Ramesesi wa Pili alianza kutawala 1279. Hata Musa angezaliwa mwaka huohuo, miaka 80 inatimia 1199. Na jiwe la Merneptah, mwana wa Ramesesi, lililofukuliwa na Flinders Petrie mwaka 1896, linaitaja Israeli ikiwa tayari Kanaani kama 1208. Walifika kabla hawajaondoka?

MUUMINI

Bwana asifiwe. Mimi nawasoma tu. Bahari iligawanyika, watu wakavuka. Mwaka wa nini tena?

MLETA MADA

Dada, ningekaa kimya nawe kama mwaka usingetumika kumwondoa mtu kwenye darasa. Unatumika. Ndiyo maana.

MWANAFUNZI WA THEOLOJIA

Mwalimu, hoja ya umri wa Musa ni nzito na sitaikwepa kwa maneno matamu. Wengi upande wangu wanajibu kwamba mji ulianzia kwa Seti wa Kwanza, baba yake Ramesesi, aliyekuwa na jumba la kifalme mahali hapohapo, karibu na Qantir ya leo. Na kwamba 80 ya Musa, kama 40 nyingi za Agano la Kale, ni namba ya ukamilifu. Jibu la kwanza linasaidia kidogo. La pili ni lile ulilolikataa kwenye 480, kwa hiyo sitegemei ulipokee.

Lakini na wewe una deni. Kabla ya nasaba ya 19 ya wafalme wa Misri hapakuwa na Farao aitwaye Ramesesi, na Ramesesi wa Kwanza mwenyewe alitawala muda mfupi sana mwanzoni mwa karne ya 13. Mwaka 1446 mji wa jina hilo ulikuwepo vipi? Utaniambia mwandishi wa baadaye aliweka jina lililojulikana na wasomaji wake, kama Mwanzo 14:14 inavyosema Abramu aliwafuata adui mpaka Dani, wakati Waamuzi 18:29 inaeleza kwamba mji huo uliitwa Laishi hadi Wadani walipouteka. Nalipokea. Ni jibu zuri. Ila ukilitoa umekiri kwamba Kutoka 1:11 haisomwi kama ilivyoandikwa tu, inahitaji maelezo. Mimi nikihitaji maelezo kwenye 1 Wafalme 6:1 naambiwa nimeiacha Biblia.

Sasa tufanye hesabu pamoja, maana 480 ina shida ndani ya Biblia yenyewe, kabla hujagusa udongo wa mtu yeyote. Chukua kitabu cha Waamuzi, jumlisha miaka yote iliyotajwa, ya kuonewa na ya kustarehe, toka mfalme wa Mesopotamia aliyewatawala miaka 8 mpaka Samsoni na miaka yake 20. Utapata 410. Ongeza 40 za jangwani, 40 za Eli (1 Samweli 4:18), 40 za Daudi na 4 za Sulemani: 534. Sauli hajaingia, Matendo 13:21 inampa 40, na sasa tumefika 574. Yoshua na Samweli bado wako nje ya mlango. Wewe mwenyewe, ili ubaki na 480, lazima useme baadhi ya waamuzi walitawala wakati mmoja, huyu mashariki mwa Yordani, yule upande wa Wafilisti. Nakuunga mkono. Lakini hakuna mstari unaosema hivyo. Umeupata kwa kufikiri.

Tena Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya kale, mahali hapohapo inasoma mwaka wa 440.

Na ukoo wa Daudi, mwisho wa kitabu cha Ruthu: Nashoni, Salmoni, Boazi, Obedi, Yese, Daudi. Nashoni ni shemeji ya Haruni (Kutoka 6:23), alitoka Misri akiwa mtu mzima. Daudi alizaliwa kama 1040. Kwa tarehe yako kila baba hapo alipata mwana akiwa na miaka 80 na ushee, mmoja baada ya mwingine.

MWALIMU WA SHULE YA JUMAPILI

Koo huruka majina, mwanafunzi, unajua. Fungua 1 Mambo ya Nyakati 6, ukoo wa Hemani mwimbaji, mtu wa wakati wa Daudi. Kutoka Kora, yule aliyeasi jangwani, mpaka Hemani kuna vizazi 18. Hapo miaka inatosha bila kumzeesha mtu. Ukoo mfupi unaweza kuwa umefupishwa. Mrefu uliongezwa na nani?

Kuhusu Waamuzi, jumla yako ni sahihi, na mimi pia nasema waliingiliana. Lakini ona kitu. Jumlisha kutoka mwanzo mpaka mwamuzi Yairi, kabla ya Waamoni kuanza kuonea: 301. Yefta anasema 300. Wewe unataka niamini imetokea tu?

MSOMAJI

Samahani wakubwa zangu, mimi sina elimu ya mambo haya. Si walishachimba Yeriko? Ukuta ulianguka mwaka gani?

MLETA MADA

Walichimba, ndugu, na kila upande uliumia.

John Garstang alichimba miaka ya 1930 akatangaza kwamba mji uliangamia kama 1400 KK. Wa 1446 walifurahi sana. Kisha Kathleen Kenyon akachimba upya kuanzia 1952 hadi 1958, kwa njia ya uangalifu zaidi ya kusoma tabaka za udongo, akakuta kwamba kuta alizozitegemea Garstang zilikuwa za kale zaidi kwa karne nyingi, na kwamba mji uliochomwa moto uliangamia kama 1550. Yaani Yoshua alikuta magofu. Mwaka 1990 Bryant Wood, akiangalia vyungu vilevile vya Kenyon, alirudisha 1400. Miaka mitano baadaye vipimo vya kaboni vya nafaka iliyoungua vikaangukia karne ya 16, karibu na Kenyon kuliko Wood.

Upande wa karne ya 13 msishangilie. Kwa tarehe yenu Yeriko ni tatizo kubwa zaidi: wakati huo hakukutwa mji wenye kuta hata wa kubishania. Huwa mnasema mvua ilimomonyoa tabaka hilo. Pengine, kwani kilima kile kimemomonyoka kweli. Ila hoja ya "kilikuwepo kikaondoka na maji" ningependa isitumike mara nyingi.

Miaka 430 ya Israeli kukaa Misri, ya Kutoka 12:40, na ile ya Wagalatia 3:17 sijaigusa. Huo ni mjadala wa wiki nzima, tuuache.

MWANAFUNZI WA THEOLOJIA

Basi twende Hazori, maana huko mtumishi hukutupeleka. Yoshua 11 inasema miji iliyosimama juu ya vilima vyake Israeli hawakuichoma, isipokuwa Hazori. Yigael Yadin alikuta pale uharibifu mkubwa wa moto wa karne ya 13.

MWALIMU WA SHULE YA JUMAPILI

Nilikuwa nakusubiri hapo. Baada ya moto huo wa karne ya 13 mji mkubwa wa Kikanaani haukuinuka tena. Sasa Waamuzi 4, baada ya Yoshua, baada ya Othnieli, baada ya Ehudi na miaka yake 80 ya amani, Debora na Baraka wanapigana na Yabini mfalme wa Kanaani, aliyetawala wapi? Hazori. Kama moto wa karne ya 13 ni wa Yoshua, Yabini wa Debora alikalia nini, majivu? Kwa tarehe yangu Yoshua aliichoma kama 1400, ikajengwa tena, na huo moto wenu ni wa siku za Debora.

MWANAFUNZI WA THEOLOJIA

Waamuzi 4 haisemi Baraka alichoma Hazori. Inasema walizidi kumlemea Yabini hata wakamwangamiza, mji hautajwi kuungua. Lakini swali la alikalia nini sina jibu linaloniridhisha.

MLETA MADA

Sasa, Mwalimu, nirudi nilikoanzia. Mwanafunzi huyu amekiri mbele ya wote mahali panapombana. Anaamini Musa aliishi, Farao alishindwa, watu walivuka. Ungemnyima darasa?

MWALIMU WA SHULE YA JUMAPILI

Kwa mwaka peke yake, hapana. Nimeona pia Ussher wako, na sitamdai mtu 1446 kama nisingeweza kumdai Ussher. Nitakachomdai ni kwamba akifika 1 Wafalme 6:1 aisome yote darasani, na mwezi wake wa Zivu, halafu awaambie wanafunzi kwa nini yeye anaona si tarehe. Asiiruke. Na Yefta asimruke.

MWANAFUNZI WA THEOLOJIA

Sitamruka. Na wewe ukifika Kutoka 1:11, wasomee jina la mji.