Naomba ushauri: mpiga gitaa la solo anyamaze wakati gani?

Asalaam aleikum jamani. Tuko wanne hapa Unguja, tunapiga roki: ngoma, besi, mwimbaji, na miye kwenye gitaa la solo. (Ndiyo, roki. Mama keshachoka kuniuliza.)

Ugomvi wetu ni huu: mwimbaji anasema namfunika. Miye nimelelewa na taarab, nshazoea kusikia fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi) zikimjibu mwimbaji kila akimaliza mstari, basi na miye namjibu. Yeye anataka nipige kodi tu (zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja), nisubiri zamu yangu katikati ya wimbo. Haya, zamu ikifika, balaa jengine. Gitaa ni hilo hilo moja! Nikipanda kwenye nyuzi nyembamba, chini panabaki besi na ngoma, wimbo unakuwa kama umevuliwa nguo.

Najua Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa hapa hapa mwaka 1946, ilimtegemea mpiga gitaa wao Brian May kwa kazi zote mbili, kodi na solo. Lakini studio alikuwa akirikodi gitaa juu ya gitaa, na miye jukwaani mikono ni hii miwili.

Wenye uzoefu, hebu nambieni: nichanganye kodi ndani ya solo, au mpiga besi ndiye ajaze pengo? Na sauti niipandishe wakati wa solo tu? Msinambie tutafute gitaa la pili, malipo tunayopata hata wanne hayatutoshi.