Tupeane uzoefu: mteja wa hostingi asiyelipa unamfanyaje?

Mleta mada (Dar)
Wakuu salaam. Nina kabiashara kangu ka hostingi, yaani nawawekea watu tovuti na imeli zao kwenye seva, mwaka wa sita huu. Seva nakodi Ujerumani kwa euro, naimega vipande naviuza kwa shilingi. Wateja 140 hivi, na kila mwezi kumi na kitu wanachelewa, humo wapo watatu wanne hawalipi kabisa. Invoisi yenyewe elfu 90 kwa mwaka, kwa MWAKA jamani, halafu mtu anakwambia "nicheki mwisho wa mwezi mkuu", mwisho wa mwezi ukimcheki yupo msibani. Huyu wa sasa ana misiba minne tangu Februari, nishaanza kuogopa hata kumsalimia. Wale Wajerumani hawana habari na misiba, kadi ikikosa hela seva inazimwa. Nyie mnakata siku hiyo hiyo au mnavumilia? Semeni yaliyowakuta, nadharia ninazo nyingi.

Mdau wa Mwanza
Mkuu shida ni kukata kwa mkono. Mimi zamani nilikuwa naingia naangalia majina, nikifika kwa mtu nakumbuka huyu si ndo aliniletea sato juzi, namruka, mwisho nikajikuta nawalipia watu seva kwa hela ya ada za watoto. Nikaweka WHMCS, ile programu ya kutoa invoisi na kufunga wasiolipa, invoisi inatoka siku 14 kabla, ukumbusho wiki moja kabla, ikipita siku 5 inajifunga yenyewe. Mteja akipiga namwambia "ni sistimu mkuu, hata mimi imenishinda". Hakuna anayegombana na sistimu.

Na kingine, tovuti ikizimwa mtu anaweza kumaliza miezi miwili hajajua maana hata yeye mwenyewe haifunguagi. Ila wafanyakazi wakishindwa kuingia kwenye imeli saa tatu asubuhi, saa tatu na robo simu inaita, saa nne hela imeingia.

Dada wa Arusha
Angalieni na hizo sistimu zenu lakini. Mwaka jana kuna jamaa mtengeneza tovuti alikuwa na wateja wake 11 kwangu, wao wanamlipa yeye, yeye ananilipa mimi. Siku 40 zimepita, hapokei simu. Nikafunga zote. Kesho yake asubuhi kaingia ofisini mama mmoja mtu mzima, ana lodge ndogo huku, kashika bahasha, anatoa risiti moja moja anazipanga mezani kwangu. Kalipa kila kitu, tena miaka miwili mbele, laki nne, kampa yule jamaa. Na ilikuwa mwezi wa sita, huku kwetu ndo wageni wanaandika imeli kuulizia vyumba vya Julai na Agosti, na yeye imeli zote zipo kwangu. Hakunifokea hata kidogo, aliuliza tu "mwanangu, nimekosea wapi?" Nilikosa pa kuangalia. Nilimfungulia palepale bila senti, nikamwambia mama akaunti tuiweke jina lako, kumbe na domeini, yaani lile jina la tovuti, nayo ipo kwa jina la jamaa, hiyo kuirudisha ilituchukua wiki tatu. Siku hizi mtu akija na wateja wake nataka namba ya mwenye mali, hata kama sitaipiga.

Mdau wa Mbeya
Mi nilifanya ujinga, niliweka bango kwenye tovuti ya shule moja, MWENYE TOVUTI HII HAJALIPA. Wazazi wakaliona. Mwenye shule alilipa kweli siku ileile, akahama na ndugu zake wote watatu waliokuwa wananilipa vizuri tu.

Mdau wa Nairobi
Huku Kenya tuna Korti ya Madai Madogo, madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, wakili si lazima, na inatakiwa iamue ndani ya siku 60. Nilimpeleka mtu kwa elfu 86, ile siku alipata karatasi akanitumia pesa zote kabla hata kesi itajwe. Lakini kwa deni la elfu tano usijisumbue, nauli itakumaliza.

Mleta mada (Dar)
Na domeini je? Huwa nawalipia kwanza halafu nawadai.

Mdau wa Mwanza
Weeee! Hostingi unaweza kuvumilia, ukifunga kitu bado kipo. Domeini ukishailipia hela imeenda hairudi. Usimlipie mtu, ila mwambie mapema na kwa maandishi, maana .com ikishafutwa na msajili inaingia siku 30 za kuikomboa na ada yake ni mara kadhaa ya bei ya kawaida, zikipita hizo, siku 5 tu imeachiwa, yeyote anaichukua. Na hao uliowafungia usiwaweke miaka, cPanel, wenye programu ya kuendeshea akaunti za wateja, tangu 2019 wanatoza kwa idadi ya akaunti. Chukua bakapu, futa.

Mleta mada (Dar)
Mrejesho wakuu. Leo saa mbili nimemfungia yule wa misiba. Saa nne kasoro kapiga mwenyewe, mpole kama sio yeye, katuma elfu 50, anasema hiyo 40 nimcheki mwisho wa mwezi. Nimfungulie?

Mdau wa Mwanza
Sistimu inasemaje?