Kopo zima la elfu 35 halifikishi sodiamu ya pakiti moja ya ORS! Wauza "elektroliti" wa Mwanza, mmezidi

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina kopo la unga wa kinywaji cha "elektroliti" (yaani chumvi za mwili) mezani, nina kikokotoo cha simu, na kila nikirudia hesabu hasira zinapanda upya.

Mnaokimbia Jumapili asubuhi hapa mjini mnawajua hawa watu. Unamaliza kuzunguka Capri Point, jasho halijakauka, unakuta meza imetandikwa kitambaa cha buluu, vikombe vya bure, dada kavaa tisheti ya kampuni, na kaka mmoja na spika yake anatangaza kwamba maji matupu "yanaosha madini yote mwilini". Kiongozi wa klabu yetu naye ni wakala wao (ana watu chini yake, wenye kuelewa mmeelewa), kwa hiyo siku hizi kopo linakatwa humohumo kwenye michango. Shilingi 35,000. Lipo la chungwa, la ndimu, na lingine la rangi ya buluu ambalo mpaka leo sijaambiwa ni tunda gani.

Hilo la klabu tungelimaliza kwenye kikao. Kilichonileta humu ni mama mmoja jirani yangu kule Mabatini. Mwanawe wa mwaka na nusu kaanza kuharisha na kutapika, mama kashuka mlima mpaka duka la dawa muhimu kuulizia ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji anayeharisha. Muuzaji kamjibu hizo ni za zamani, watoto hawazipendi, chukua hii ya kopo, ina elektroliti tano na vitamini juu. Kwa kuwa hana hela ya kopo zima, kapimiwa vijiko kwenye karatasi. Mtoto kanyweshwa hiyo usiku kucha. Asubuhi macho yamezama, mwili umelegea, analia bila machozi. Kakimbizwa hospitali, katundikiwa dripu. Amepona, tunamshukuru Mungu. Muuzaji naye yupo dukani kwake anaendelea kupima vijiko.

Haya, tusome kopo. Upande wa mbele sina shida nao, una mwanariadha na misuli yake. Geuza nyuma, kwenye yale maandishi ambayo mtu wa makamo lazima aombe miwani.

Viungo vya chakula huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ndivyo viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinavyotaka. Kwenye kopo hili wa kwanza ni dekstrosi, yaani sukari ya glukosi. Wa pili maltodekstrini, wanga uliovunjwavunjwa. Wa tatu asidi ya sitriki, ndiyo ule ukali wa ndimu. Wa nne ladha. Ndipo kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya mezani, inajitokeza kwa aibu, ikifuatwa na kloridi ya potasiamu, oksidi ya magnesiamu, sukralosi, rangi ya tartrazini na rundo la vitamini. Kwa hiyo tunauziwa kopo la chumvi za mwili ambalo ndani yake ladha ya chungwa ni nzito kuliko chumvi yenyewe!

Hesabu zao ni hizi: kijiko cha gramu 10 kwenye glasi ya mililita 250. Kijiko kina sukari gramu 8.5, sodiamu miligramu 50, potasiamu miligramu 20. Kopo lina vijiko 30.

Sasa weka pembeni ile pakiti ya "zamani". ORS ya WHO na UNICEF, kwa lita moja ya maji, ina kloridi ya sodiamu gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya trisodiamu gramu 2.9. Jumla gramu 20.5, basi, hakuna siri ya kampuni wala buluu. Ukichanganya sodiamu ya chumvi na ya sitrati unapata kama miligramu 1,725 kwa lita. Potasiamu ni kama miligramu 780.

Rudi kwenye kopo. Sodiamu miligramu 50 mara vijiko 30 ni 1,500. Potasiamu 20 mara 30 ni 600. Yaani ukilimwaga kopo LOTE kwenye ndoo bado hujafikia pakiti moja ambayo dukani ni ya hela ndogo, ila utakuwa umemwaga robo kilo na ushee ya sukari. Hiyo ndiyo "elektroliti tano muhimu" tunayokatwa michango.

Kwa glasi wanayoelekeza, ni sukari mara mbili na nusu ya ile ya ORS na sodiamu haifiki hata moja ya nane. Na huu uwiano ndio roho ya jambo zima. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna mlango ambao glukosi na sodiamu hupita pamoja, na maji yanazifuata. Hata mtoto anayeharisha vibaya, mlango huo kwa kawaida unabaki unafanya kazi, ndiyo maana anaweza kurudishiwa maji kwa kikombe na kijiko. Lakini sukari nyingi bila sodiamu ya kutosha inabaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini, kuharisha kunazidi. Sababu hiyohiyo inakataza kumpa soda au juisi tamu. Mwaka 2002 WHO na UNICEF waliipunguzia nguvu hata ORS yenyewe, ukali wa mchanganyiko ukashuka kutoka 311 hadi 245 kwa kipimo chao, baada ya kuona iliyopungua inawafaa watoto zaidi. Watu wamebishana miaka na miaka juu ya gramu chache za glukosi, wewe unakuja na kijiko na karatasi?

Na hii "ya zamani" imepimwa kwenye moto kweli. Mwaka 1968 kule Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh, dripu zikawaishia kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari vipimwe, vifungwe kwenye mifuko, watu wanyweshwe na ndugu zao. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Sisi watu wa ziwani, ambao kipindupindu tunakijua kwa majina ya mialo na visiwa, ndio wa kuambiwa kitu hicho kimepitwa na wakati? Na kijana wa spika?

Nisije nikaonekana naonea kopo moja. Nimezunguka madukani mjini na Nyakato nikigeuza nyuma za makopo na pakiti, kila moja ina ujanja wake.

Kuna zile "hazina sukari". Zimetiwa utamu wa sukralosi au asesalfemu. Kwa mwenye kisukari anayetaka kitu kitamu, sawa, hayo yake. Kwa anayeharisha hazimfai, maana glukosi ndiyo inayoisindikiza sodiamu, na hiyo wameiondoa. Kuna za chumvi ya pinki ya Himalaya, madini zaidi ya 80. Hayo madini mengine ni chembe za kuhesabia tu, karibu chumvi yote hiyo ni kloridi ya sodiamu ileile ya kwenye mboga. Oksidi ya magnesiamu wanaitia kwa sababu ni rahisi, mwili unaifyonza kidogo, na ikizidi inaendesha tumbo. Vitamini B asilimia 200 zipo ili mkojo uwe wa njano uamini dawa imefanya kazi.

Halafu zipo zilizokosea upande wa pili. LMNT ya Marekani, ambayo watu wa gym wanaagiza, ina sodiamu miligramu 1,000 kwa pakiti moja. Angalau hao wameandika namba wazi. Lakini WHO inamtaka mtu mzima asizidi gramu 2 za sodiamu kwa siku nzima, chakula chote kimo. Sasa mzee mwenye presha, asubuhi kala dagaa wa chumvi, unamuuzia hiyo kwa sababu "amechoka"?

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba nako wamefika. Wanawauzia makuli wanaopakia magunia ya dagaa, eti jasho linawamaliza madini. Ni kweli jasho lina chumvi, lita moja inaweza kutoa hata gramu nzima ya sodiamu. Kwa hiyo miligramu 50 zenu zitamfikisha wapi? Kuli anahitaji maji safi ya kutosha, kivuli, na sahani ya ugali na mboga yenye chumvi. Kwa mbio zetu za saa moja za Jumapili ni hivyohivyo, maji kisha chai na maandazi, mwili unarudi wenyewe.

Kilichonishtua zaidi kwenye kopo ni amri ya "kunywa kabla hujasikia kiu, glasi kila dakika 15". Kwenye marathoni ya Boston ya 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mpaka wakamaliza mbio wakiwa na uzito mkubwa kuliko walivyoanza. Kinywaji chenye sodiamu kiduchu hakikuokoi na hilo.

Nyongeza: naona mmeshaanza kurusha mawe, nijibu kwa pamoja.

Anayesema nimetumwa na washindani: fomula ya ORS si mali ya mtu, iko wazi, kiwanda chochote kinatengeneza. Nitumwe na nani?

Anayesema "mbona mimi nikinywa napata nguvu": sukari gramu 8.5, mkuu.

Anayesema kopo lina alama ya TBS (shirika la viwango): tangu 2019 chakula kiko TBS na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa. Alama hiyo ni ya chakula. Haimpi muuzaji ruhusa ya kulitibia tumbo la mtoto, na akilitangaza kama dawa basi apite mlango wa dawa.

Aliyeuliza madafu: mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hayachukui nafasi ya ORS.

Na mama aliyeuliza afanye nini akikosa pakiti usiku: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, usivijaze mlima. Mtoto chini ya miaka miwili mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika subiri dakika 10 uendelee. Endelea kunyonyesha. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Kukicha nenda kachukue ORS na vidonge vya zinki, na ukiona macho yamezama, amelegea, hawezi kunywa au kuna damu, usisubiri kukuche.

Wengine wote, mwenye kopo au pakiti yoyote nyumbani aweke picha ya nyuma tupige hesabu. Ya mbele tumeichoka. Na wewe kiongozi wa klabu, najua unasoma humu kimya kimya: kikao ni Jumamosi, njoo na risiti za makopo yote.