Kalamu ya pH, kipima oksijeni, sahani au wadudu? Tunataka kufuatilia Luiche na ziwa

Mwalimu_wa_Mazingira (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Kigoma na nina klabu ya mazingira, vijana 22. Tumechangishana, wazazi wakaongeza, tumefikisha laki tatu na nusu. Tunataka kufuatilia afya ya maji sehemu mbili: mto Luiche kabla haujaingia ziwani, na ufukwe wa Kibirizi. Kila mwezi, mwaka mzima.

Muuzaji mmoja wa vifaa vya maabara ananishawishi nichukue kalamu inayopima pH (ukali au uchachu wa maji) na chumvi kwa pamoja, anasema "inamaliza kila kitu". Wengine wanasema oksijeni ndiyo mfalme. Mwenzangu wa stafu anasema niachane na mashine, niokote wadudu. Wenye uzoefu naombeni mnilinganishie. Nawasilisha.

Fundi_Sampuli
Mwalimu, kalamu hiyo ukiipeleka Kibirizi itasoma 9 au karibu yake. Mwezi ujao 9. Krismasi 9. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yanacheza kati ya 8.6 na 9.2, na yana chumvi za kutosha kuizuia pH isiyumbe hovyo hata uchafu ukiingia. Kibaya zaidi, vijana watafungua kitabu waone maji ya bomba yanatakiwa 6.5 hadi 8.5, kisha watangaze shule nzima kwamba ziwa linaumwa. Haliumwi, limezaliwa hivyo.

Upande wa chumvi ni hivyohivyo. Kalamu inaikisia kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme: ziwa linasoma mikrosimensi 600 hadi 700 kwa sentimita, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo inashushwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu. Kalamu itakufaa mtoni. Ukishaijua namba ya kawaida ya Luiche, siku ikiruka unajua kuna kitu kimemwagwa huko juu.

Nahodha_Katonga
Mimi si mtu wa maabara, nina boti. Lakini kipimo nilichokiona kinatumika miaka yote na wageni kwa wenyeji ni sahani ya Secchi, ya kupima maji yanaona mpaka kina gani. Sahani ya duara, sentimita 20, robo nyeupe robo nyeusi, kamba yenye alama, na uzito chini. Unaishusha mpaka isionekane, unasoma kamba, unaipandisha mpaka ionekane tena, unasoma, unachukua wastani. Basi. Padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alianza nayo 1865 akiwa kwenye meli ya Papa na mpaka leo hakuna aliyeipiku kwa bei.

Mbali na pwani, maji yakiwa yametulia, sahani inaweza kwenda hata mita 20 ndipo ipotee. Nenda mbele ya mdomo wa mto baada ya mvua ya Machi uone kama utafikisha goti. Huo udongo ndio ugonjwa wetu mkubwa huku, tukubaliane tu. Milima imekatwa miti, tope linashuka, linafunika mawe ambako vile visamaki vya rangi vinakula na kuzalia. Aina za samaki hao ziko zaidi ya 200 na karibu zote huzipati ziwa lingine lolote duniani.

Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, upande wenye kivuli cha boti, na miwani ya jua uvue.

Fundi_Sampuli
Nakuunga mkono Nahodha, ila niongeze tahadhari. Sahani haijui tofauti ya tope na mwani. Kipindi upepo umechanganya ziwa na kupandisha virutubisho kutoka chini, mwani unaongezeka na sahani inapotea mapema. Hiyo si uchafuzi, ndicho chakula kinachoishia kwenye dagaa. Kwa hiyo kila siku andikeni na rangi ya maji: kahawia au kijani.

Mnyamwezi_wa_Sikonge
Nasalimu kutoka Tabora. Huku sahani mnayoisifia inapotea kabla sijainama vizuri 😂 Malambo yetu yana rangi ya chai ya maziwa kiangazi na masika, na kambale wamo wanene. Ningefuata sahani ningesema maji yote ya Tabora ni marehemu.

Mimi natetea oksijeni. Samaki wengi wanaanza kutaabika ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, ikifika 2 wengi hawatoki salama. Lakini SAA YA KUPIMA, mwalimu, saa! Nilijifunza kwa maumivu. Nina bwawa la perege. Nilikuwa napima saa 8 mchana, namba nzuri ajabu, najisifu. Asubuhi moja nakuta perege juu wanahema, wengine wameshageuka matumbo. Mwani mchana unatengeneza oksijeni, usiku unaila pamoja na kila kiumbe kilichomo. Kabla ya jua kuchomoza ndipo maji yanasema ukweli. Maji ya kijani sana yanayosoma juu kupita kiasi mchana, yaogope.

Binti_wa_Ujiji
Samahanini naingilia. Mnasema pH, sahani, oksijeni... sisi tunachota ziwani. Kipi kati ya hivyo kinaniambia kama yananywewa?

Fundi_Sampuli
Hakuna hata kimoja, dada. Hilo ni swali jingine kabisa na watu wanalichanganya kila siku. Afya ya maji yenyewe ni jambo moja, usalama wako wewe ni jingine. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo, oksijeni tele, na yakabeba kipindupindu. Kwa kunywa kinachopimwa ni E. koli, bakteria wa kinyesi, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni asionekane hata mmoja kwenye mililita 100. Mpaka hapo, chemsha.

Binti_wa_Ujiji
Nashukuru kaka. Na meupe kweli, ndiyo maana watu hawachemshi.

Dada_Viluwiluwi
Mwalimu, mwenzako wa stafu yuko sahihi, msikilize. Mashine inakuambia maji yalivyo dakika ile umeichovya. Mdudu amekaa humo miezi. Mtu akimwaga uchafu Jumatatu usiku, wewe ukija Alhamisi mashine haioni kitu, uchafu umeshapita uko ziwani. Lakini wadudu wepesi kudhurika wameshatoweka, na kutokuwepo kwao ndiyo taarifa.

Afrika Kusini wana kipimo chepesi kwa wanafunzi, miniSASS, makundi 13 tu. Kila kundi lina alama: viluwiluwi vya mikia miwili vinavyong'ang'ania mawe kwenye maji ya kasi vinapata 17, minyoo inapata 2. Unajumlisha, unagawa kwa idadi ya makundi uliyoyapata. Watafiti wa hapa Tanzania nao wametengeneza kipimo cha mito yetu, TARISS, kwa mfano wa SASS, kile kipimo kikubwa cha Afrika Kusini ambacho miniSASS ni ufupisho wake. Vifaa: neti, beseni jeupe, kijiko.

Mipaka yake: ni kwa maji yanayotiririka. Usiipeleke Kibirizi, usiipeleke kwenye lambo la huyo ndugu wa Sikonge. Na Luiche ya chini ina maji mazito, kichocho, na mamba si hadithi. Panda juu kwenye mawe na maji mafupi, vijana wavae mabuti.

Mzee_wa_Mwanga
Vijana, mmesahau mawese. Kuna vijito vya huku ambako wanakamua wanamwaga maji ya kukamulia moja kwa moja. Yale maji ni makali, yana uchachu, na yanaoza yakila hewa yote ya kijito. Jirani yangu mmoja anamwaga kila msimu, nimemwambia mpaka nimechoka. Kalamu ya pH mnayoicheka, hapo ingemuumbua.

Fundi_Sampuli
Shikamoo mzee. Umenirekebisha kwa haki. Kijito kidogo hakina ubavu wa ziwa, pH inashuka na oksijeni inaporomoka. Hapo kalamu inastahili hela yake. Basi mwalimu, uliza kwanza nini kinamwagwa wapi, ndipo uende dukani.

Mnyamwezi_wa_Sikonge
Kama laki tatu na nusu ndiyo yote, kipima oksijeni cha elektroniki kisahau. Nunua kile cha kudondosha dawa mpaka rangi igeuke, njia ya Winkler, ya tangu 1888. Inachosha ila haidanganyi, na haihitaji betri.

Mwalimu_wa_Mazingira
Wakuu, mrejesho baada ya wiki tano. Kalamu nimenunua ile ya bei ya chini, kwa ajili ya Luiche na kijito kimoja alichonielekeza mzee wa Mwanga. Oksijeni tumechukua ya dawa, tunapima saa 12 kasoro asubuhi, wazazi wawili wamenipigia simu kulalamika. Wadudu ni Luiche ya juu tu. Vijana wamewapenda kuliko yote, kuna mmoja anaota kereng'ende.

Sahani tumetengeneza kwa mfuniko wa ndoo ya rangi. Kibirizi, kutoka kwenye mtumbwi, tumepata mita 6 na nusu. Jioni nimeipima kamba upya shuleni, haifanani na alama tulizoweka mwanzo. Kwani kamba ikilowa inabadilika?

Nahodha_Katonga
Ya katani?

Mwalimu_wa_Mazingira
Ya katani.

Nahodha_Katonga
Mwalimu jamani. Katani ikilowa inafupika, alama zote zinasogea. Njoo Katonga nikupe kamba ya wavu, uiloweke usiku kucha, ndipo uweke alama. Hiyo 6 na nusu ifute.