Siku moja London kwa mpenzi wa bendi ya Queen: nianzie wapi?

Kinanda wa Mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum jamaa. Mwezi wa kumi na moja, inshallah, nakwenda London kwenye arusi ya mpwa wangu. Wao wanakaa Hounslow. Nimeomba siku moja tu niachwe peke yangu, nisipelekwe madukani wala kwa jamaa wa jamaa, nikazungukie mambo ya Queen.

Mimi napiga kinanda kwenye maarusi hapa Amu, mwaka wa ishirini na mbili huu, na kanda ya kwanza niliyoiba maishani ilikuwa yao (ya kaka yangu, tumeshasameheana). Wenzangu kikundini hunicheka. Lakini siku niliyowawekea wazee barazani ule wimbo wao wa mwaka 1975, "Bohemian Rhapsody", ilipofika pale wanapoimba "Bismillah" watu walinyamaza, na mzee mmoja akauliza, "Hawa ni watu wa wapi?" Nikamwambia mwimbaji, Freddie Mercury, kazaliwa Unguja. Hajaniamini hadi leo.

Nimetazama kwenye intaneti, nimekuta ramani ina vidoti kama mtu mwenye tetekuwanga. Goti langu la kushoto halipatani na ngazi, na pesa si nyingi. Nianzie wapi, na kipi nikiache?

Bwana Muyeye (Malindi)

Kaka, Shangani, Unguja, umeshafika? Makumbusho ya Freddie yako pale Barabara ya Kenyatta tangu 2019. Ni karibu na huhitaji koti.

Kinanda wa Mkomani

Nimefika mara mbili. Sasa nataka kuona alikokwenda.

Mama Nuru (Malindi)

Waalaykum salaam kaka. Nilikaa London miaka tisa nikisafisha maofisi Kensington, saa kumi na moja alfajiri nishapanda basi. Kwa hiyo nakupa njia ya mtu wa basi.

Wembley achana nako. Uwanja walioimbia kwenye tamasha la hisani la Live Aid tarehe 13 Julai 1985 ulivunjwa, na huu uliopo umefunguliwa 2007. Utamaliza nusu siku kutazama mahali Freddie hajapakanyaga. Dominion Theatre pia, watu bado wanaitaja kwa ajili ya ile sanamu kubwa ya Freddie juu ya mlango, na sanamu iliondoka onyesho la nyimbo zao lilipokwisha mwaka 2014.

Anza Feltham, ni jirani zako hao, basi moja tu kutoka Hounslow. Tafuta Gladstone Avenue, nyumba namba 22. Ndiko walikohamia kina Bulsara, jamaa zake Freddie, walipotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, yeye akiwa kijana wa miaka 17. Kibao cha buluu kiliwekwa 2016. Wanaishi watu humo, usibishe hodi. Simama ng'ambo ya barabara uitazame: nyumba ndogo, imeshikana na ya jirani ukuta kwa ukuta, na ndege za Heathrow zinapita juu zikinguruma. Huko Heathrow aliwahi kufanya kazi ya kupakia mizigo. Mimi machozi yalinitoka hapo, wala si kule kwenye jumba la kitajiri alikofia. Nilimfikiria baba yake, keshia wa serikali, kazoea kuamka Mji Mkongwe na bahari iko hapo karibu, halafu anafungua dirisha la Feltham asubuhi ya Januari. Hilo nalijua, nimelifungua dirisha kama hilo.

Ukitoka hapo panda treni hadi Waterloo, kisha basi lolote linalovuka daraja kwenda Aldwych. Pale ndipo linapoanzia basi namba 9. Panda juu, ukae kiti cha mbele kabisa. Najua goti, lakini ngazi zenyewe ni chache, livumilie mara moja. Likishapita Hyde Park Corner tazama kulia: kwenye bustani hiyo walipiga bure tarehe 18 Septemba 1976, umati hauna mwisho, muda ukawaishia na polisi wakawakatalia kurudi jukwaani. Mbele kidogo, kushoto, ni Royal Albert Hall, na nyuma yake Imperial College, alikosoma fizikia Brian May, mpiga gitaa wao. Aliacha shahada yake ya PhD njiani kwa ajili ya gitaa, akaja kuimaliza 2007. (Mtoto wangu akisema kachelewa kurudisha fomu ya chuo, humtajia huyu.)

Kensington High Street ndiko Freddie na Roger Taylor, mpiga ngoma wao, walikokuwa wakiuza nguo za mitumba sokoni. Jengo halipo tena. Nilikuwa nikishuka kituo cha karibu kila siku na ndoo yangu, sijui lolote.

Shuka ukikaribia Earl's Court Road, uulize Logan Place. Utakuta ukuta mrefu wa matofali. Ndani ndiko alikofia tarehe 24 Novemba 1991. Mara yangu ya kwanza ukuta ulikuwa umeandikwa kila lugha, nikatafuta Kiswahili mpaka nikapata maneno mawili ya wino, "Pumzika, Zenji". Siku hizi umesafishwa. Ukifika tarehe hiyo yenyewe, maua yatakuwepo.

Rudi kwenye 9 mpaka mwisho, Hammersmith. Ukumbi waliopiga mkesha wa Krismasi 1975 bado upo, unaitwa Apollo. Na hapo hapo treni ya Piccadilly inakurudisha Hounslow bila kubadilisha.

Kijana wa Shela (Lamu)

Mzee, shikamoo. Nyongeza mbili tu. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu, kwa hiyo mwambie mpwa akupatie kadi ya nauli, Oyster. Na mwezi huo saa kumi jioni giza linaingia, utoke mapema.

Kinanda wa Mkomani

Marahaba mwanangu. Mama Nuru, Mungu akuweke, nimeandika yote kwenye karatasi maana simu yangu huzima kwenye baridi ya feni, sembuse hiyo. Kile kibao cha Feltham nitakipiga picha nimletee mzee wa baraza, ushahidi wa Unguja.

Mama Nuru

Piga, lakini kimeandikwa Freddie Mercury, na jina lake la zamani Fred Bulsara, miaka yake, na kwamba aliishi hapo. Unguja hakiitaji.

Kinanda wa Mkomani

Basi nitabishana naye miaka mingine ishirini.