Vidonge vya majira katika Ramadhani: nimeze saa ngapi, na je, naweza kuruka vile vya kahawia?

Mama Swafiya, Tanga

Assalaam alaikum ndugu zangu. Ninatumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili, pakiti ile ya vidonge 28 ambayo saba vya mwisho ni vya kahawia. Kwa kawaida humeza saa sita mchana nikishamlaza mtoto, ambaye sasa ana miezi minane na bado ananyonya. Ramadhani inakaribia, na kwa kuwa mchana sitameza kitu, ningependa kujua kama naweza kuhamishia kidonge wakati wa daku au wa futari bila kinga kupungua. Pili, jirani yangu huviacha vile vya kahawia na kuunganisha pakiti mbili ili asipate damu na afunge mwezi mzima, lakini wifi yangu anashikilia kwamba damu isipotoka hurundikana kizazini na kuleta uvimbe. Upande wa dini nimekwisha kumuuliza sheikh wetu. Hapa naomba maelezo ya kitabibu tu.

Muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango

Wa alaikum salaam, mama Swafiya. Linaloangaliwa ni urefu wa pengo kati ya kidonge na kidonge. Pengo likifupika hapana neno. Likirefuka sana ndipo kinga inapolegea. Kwa hiyo siku ya mwisho kabla ya mfungo meza cha saa sita kama ulivyozoea, usiku huohuo meza kinachofuata, kisha endelea kila usiku wakati huo. Kumeza viwili katika siku moja hakudhuru, ingawa tumbo linaweza kuchafuka kidogo.

Kati ya daku na futari, mimi humshauri mtu achague futari. Aliyepitiwa na usingizi wakati wa daku huamka alfajiri imekwisha kuingia na hana la kufanya mpaka magharibi, ilhali aliyesahau wakati wa kufuturu ana usiku mzima wa kukumbuka. Isitoshe, ukitapika ndani ya saa mbili tangu umeze unatakiwa kumeza kingine, na jambo hilo ni jepesi usiku kuliko adhana ya alfajiri ikiwa imekwisha kusikika. Wale ambao tumbo huwasumbua baada ya sambusa na uji wa futari (nao si wachache) ni afadhali wameze baada ya tarawehe.

Vidonge vya kahawia katika pakiti nyingi zinazotolewa vituoni ni vya madini ya chuma, havina homoni, na kazi yake kubwa ni kukuzoesha kumeza kila siku. Damu ya wiki ile hutoka kwa sababu homoni zimekatizwa. Unapoendelea na vidonge vyenye homoni, utando wa ndani wa kizazi hubaki mwembamba, hivyo hakuna damu iliyofungiwa ndani ikingoja kutoka, na uvimbe anaouhofia wifi yako hautokani na jambo hili. Ukimaliza kidonge cha 21, anza pakiti mpya siku inayofuata. Pakiti mbili zitakupa siku 42 za homoni, nao mfungo ni siku 29 au 30. Jambo ambalo pengine jirani hakukueleza ni matone ya damu, ambayo huwatokea wengi, hasa wanaounganisha kwa mara ya kwanza. Matone hayo hayaashirii kwamba dawa imeshindwa, na kosa kubwa ni kuacha kumeza kwa sababu yake. Hakikisha pia unayo pakiti ya pili nyumbani kabla mwezi haujaandama.

Nami nina swali: mara ya mwisho kupimwa presha ni lini, na je, una kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni?

Mama Swafiya, Tanga

Kipandauso sina na sivuti sigara. Presha sijawahi kupimwa tangu nianze, kwa maana hununua duka la dawa la mtaani na huwa sipimwi.

Muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango

Basi pita kituo chochote upimwe wiki hii. Ikisoma 140/90 au zaidi, vidonge hivi havikufai na utapewa njia isiyo na estrojeni, ambayo ni moja ya zile homoni mbili, kwa sababu estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda mishipani. Kwa sababu hiyohiyo hatuwapi wenye kipandauso cha namna niliyoitaja, waliowahi kugandwa na damu mguuni au mapafuni, wala wavutaji sigara waliofikisha miaka 35. Kunyonyesha kwako hakukuzuii, kwa kuwa mtoto amevuka miezi sita. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, kifua kimebana, au kichwa kinauma isivyo kawaida na macho hayaoni vizuri, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja futari.

Mfamasia, Mombasa

Niongeze kuhusu kusahau, kwa sababu ratiba ya usingizi hubadilika mno mwezi huo. Kwa vidonge vyenye kiasi cha kawaida cha estrojeni, Shirika la Afya Duniani linasema aliyesahau kimoja au viwili ameze mara akumbukapo na aendelee, na aliyesahau vitatu mfululizo aongeze kondomu kwa siku 7. Mwongozo wa Marekani huanza tahadhari hiyo kwenye viwili, na mimi huwaambia wateja wafuate huo mkali. Kusahau kubaya zaidi ni kuchelewa kufungua pakiti mpya baada ya wiki ya kahawia, kwa sababu yai limekwisha kupata siku saba za kuanza kukomaa. Ikiwa tendo la ndoa limefanyika katika siku hizo, uliza mapema kuhusu kidonge cha dharura.

Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, amweleze mhudumu, kwani hupunguza nguvu ya vidonge. Amoksilini ya kawaida haina tatizo hilo, japo watu wengi huiogopa bure.

Ummu Layla, Kilifi

Samahani kwa kuingilia. Mimi nilipewa vile vya wanaonyonyesha, vyenye homoni moja, na humeza mchana pia. Je, maelezo haya ya futari yananihusu?

Mfamasia, Mombasa

Hapana, dada, vyako ni vikali zaidi kwa saa. Kwa aina nyingi za vidonge hivyo, anayechelewa kwa muda wa saa tatu huhesabiwa amesahau, hasa kama hedhi yake imekwisha kurudi, na hapo hutumia kondomu kwa siku mbili. Ukiruka kutoka mchana wa leo hadi futari ya kesho, pengo litapita saa hizo. Meza cha mchana siku ya mwisho kabla ya mfungo, meza kingine usiku uleule, na tangu hapo weka kengele ya simu kwa saa hiyohiyo kila usiku. Pakiti yako haina vidonge vya kuruka, kwa maana vyote vina homoni, wala haiwezi kukuhakikishia mwezi usio na damu. Tena tazama jina lililoandikwa kwenye pakiti ulete hapa, kwa kuwa ipo aina moja yenye homoni iitwayo desojestreli ambayo huvumilia kuchelewa kwa muda wa hadi saa 12.