Pedi za kufua na kikombe cha hedhi: tupeane uzoefu tuliohamia huko kwa sababu ya ukata

Wadau habari zenu. Kila mtu anasema wasichana wapewe pedi, sawa wapewe, ila pakiti ikiisha mwezi ujao inakuwaje? Naomba waliohamia kwenye vya kufua watueleze ukweli, haswa yale ambayo hamkuambiwa siku mnapewa.

Naanza mimi. Kwangu kazi haikuwa kufua, ilikuwa kuanika. Tuligawiwa tukaambiwa fueni anikeni, basi, mkutano umeisha. Sasa nyumbani kuna baba, kaka zangu na wapangaji, unaanika wapi? Wenzangu wengi walikuwa wanaficha chini ya godoro, kesho yake bado mbichi inanuka uvundo na unaivaa hivyo hivyo, muwasho juu. Mimi mama ndo aliyemaliza hiyo kesi, akazichukua akaenda kuzibana kwenye kamba ya nje juani katikati ya mashati ya baba, akasema hii kamba ni ya nguo zote. Baba alipita akatoa shati lake akaenda zake.

mwalimu_wa_zamu: Nikiwa nagawa zile zenye vifungo vya kubania kwenye chupi, binti mmoja akanivuta pembeni akaniuliza, mwalimu, na chupi? Alikuwa nayo moja tu. Tangu hapo mfadhili akija namwambia pedi, chupi na sabuni viongozane, na choo kiwe na maji na mlango unaofungwa, la sivyo mtoto anayetakiwa abadilishe kila baada ya masaa manne hadi sita anashinda nayo kutwa au anabaki kwao. Wavulana nao siwatoi nje kwenye somo hili. Wanacheka wee mpaka wanachoka alafu wanaanza kuuliza maswali ya maana.

team_kikombe: Kikombe cha silikoni, kile unachokiingiza ukeni kikinge damu, kinakaa mpaka masaa 12, na ukikitunza kinaweza kufika hata miaka 10 kwahiyo kwa asiye na hela kinalipa. Kukitoa usivute tu kile kimkia chake cha chini jamani utaona nyota, bana kitako cha kikombe kwanza hewa iingie ndo ushushe taratibu. Hedhi ikiisha unakiosha na kukichemsha. Ila wanaosema ni suluhisho la kila mtu siwaelewi, mahali maji safi ni ya kugombania na sufuria ni ile ile ya ugali, mama si atakutoa mbio?

fundi_wa_mtaa: Mimi nashona. Juu pamba, katikati flaneli ya kunyonya, chini kitambaa kisichopitisha maji. Loweka kwenye maji ya baridi, ya moto yanagandisha doa. Dawa ya kulainisha nguo usitie, kitambaa kinaacha kunyonya. Alafu mnavyoniagiza nyeusi tu mnanichosha, kwenye nyeusi utajuaje kama imetakata?

nauliza_tu: Mkiwa shule au kazini ile iliyotumika mnaiweka wapi mpaka mrudi?

Jibu kwa nauliza_tu: unaikunja upande wa damu uwe ndani, vile vifungo vyake vinaishika isifunguke, unaitia kwenye kifuko kisichopitisha maji unazipu. Ukifika nyumbani itoe uiloweke hapo hapo, usiiache humo ilale.